Kemia ya Chaki

Kwa miaka miwili nilifundisha kemia kwa mdomo na chaki, na muda wote huo vifaa vya kemia vilikuwa hatua ishirini kutoka pale niliposimama. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za shule zetu hukimbilia kusema hakuna vifaa, havijaletwa, tuvute subira. Kwetu vililetwa. Vilifika kwa lori, wanafunzi wenyewe wakavishusha, vikahesabiwa, vikasainiwa, vikaingizwa kwenye stoo iliyo nyuma ya maabara, na mlango ukafungwa kwa kufuli mbili.

Shule yenyewe ilikuwa ya kata, ya kutwa, wilayani Muleba, upande unaotazama ziwa. Sitaitaja zaidi ya hapo, maana bado ina walimu wanaojitahidi na watoto wanaokanyaga umande kila asubuhi kuifuata. Mimi nilizaliwa Kitendaguro, manispaa ya Bukoba. Baba alikuwa fundi cherehani, mama akilima kibanja kidogo cha migomba nyuma ya nyumba. Kemia niliipenda kwa sababu ya sista mmoja mzee aliyenifundisha sekondari. Kwake kila mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kuvunja testi tyubu moja kwa mwaka bila kuulizwa. "Asiyevunja hajashika," alikuwa akisema, kisha anakupa ufagio ukafagie vipande vyako. Nilidhani shule zote ziko hivyo.

Siku niliyoripoti kazini, mkuu wa shule alinitembeza mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa aina ile ambayo mwalimu akiugua humpelekea mkungu wa ndizi nyumbani kwake bila kutangaza. Alinionyesha maabara. Chumba kilikuwa kizuri, chenye meza za zege, masinki, mabomba yasiyo na maji, na madirisha makubwa yanayotazama migomba ya jirani. Juu ya meza hapakuwa na kitu hata kimoja. Nikamuuliza vifaa viko wapi. Akanionyesha mlango wa stoo. Ulikuwa umebandikwa orodha yote iliyopigwa chapa: bureti, pipeti, mizani, taa za spiriti, chupa za kemikali kwa majina yake.

"Viko salama," akasema.

"Ufunguo anakaa nao nani, mkuu?"

"Ninao mimi."

"Basi nitakuwa naufuata kwako kabla ya kipindi."

Alitabasamu. "Mwalimu, wewe bado mgeni. Fundisha nadharia kwanza. Vile ni vitu vya serikali, nimevisaini kwa jina langu. Huko nilikotoka ziliibwa darubini mbili, nikaandikiwa barua ya onyo. Barua ile iko kwenye faili langu mpaka leo. Sitaki nyingine."

Niliomba tena mwisho wa muhula. Niliomba muhula uliofuata, kwanza kwa mdomo, halafu kwa barua. Nikaambiwa tusubiri aajiriwe fundi wa maabara. Baadaye nikaambiwa tusubiri maji yavutwe. Kisha tusubiri wathibiti ubora wapite, wavikute vikiwa kamili. Kila jibu lilikuwa na sauti ya busara, na hicho ndicho kilichonichosha. Ungejibiwa kwa ukali ungejua unagombana na nani. Ukijibiwa kwa upole, unarudi darasani ukijiona wewe ndiye mtovu wa adabu.

Basi nikachora. Nilichora bureti ubaoni mpaka nikawa naichora huku nimewageukia wanafunzi. Nilichora pipeti, nikachora taa ya spiriti na mwali wake. Wanafunzi nao walichora kwenye madaftari yao, wakapaka rangi, wakaandika majina kwa mshale. Nilipowauliza bureti ni kubwa kiasi gani, mmoja akanionyesha kidole chake cha shahada, mwingine akainua mkono wake wote mpaka begani. Hatua za jaribio walizikariri kwa Kiingereza kama wanavyokariri sala ambayo hawajui maana yake. Wengi walikuwa watoto wa nyumba za Kihaya, Kiswahili wamekikuta shule ya msingi, Kiingereza wamekikuta kwangu. Nilikuwa nawafundisha kitu wasichokiona kwa lugha wasiyoijua, halafu nawasahihishia kwa kalamu nyekundu.

Siku moja nilichoka kuchora. Niliwaambia wanafunzi wa Kidato cha Tatu waje na majivu ya maganda ya ndizi, ndimu, na maua mekundu yanayooteshwa kwenye uzio. Tukaloweka maua kwenye maji ya moto tukapata maji ya zambarau. Tukayagawa kwenye chupa za soda. Tukachuja majivu kwa kitambaa. Waliodondosha ndimu waliona maji yanageuka mekundu. Waliodondosha maji ya majivu waliona yanageuka kijani, na darasa lote likasimama kuja kutazama. Kihaya kikafunguka chenyewe. Mmoja alisema nyumbani bibi yake anatia maji hayohayo kwenye maharagwe magumu ili yaive upesi. Mwingine akasema wao walikuwa wakifulia nguo. Sikuwahi kuona wanafunzi wale wakibishana juu ya kemia, na siku hiyo walibishana mpaka kengele ikalia.

Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama dirishani.  Aligonga kwa kidole kibao cha ukutani kilichoamuru kila mtu azungumze Kiingereza, akaondoka. Ofisini akaniambia, "Madam, hawa tunawaandaa kwa mtihani, siyo kwa jikoni." Walimu wengine wakacheka. Nilikuwa na jibu, lakini nililimeza, na mpaka leo najilaumu.

Siku ya majivu ndiyo iliyonifanya nimfahamu vizuri binti mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma. Mama yake alikuwa mchuuzi wa dagaa visiwani, mtu wa kuhama mwalo hadi mwalo kufuata samaki, na alikuwa amempangia mwanawe geto karibu na shule, chumba kimoja na wasichana wengine wawili. Hawakuwa Wahaya. Wenzake walipoingia kwenye Kihaya chao, yeye alinyamaza akawa anatazama mikono yao. Kipindi kilipokwisha alibaki nyuma.

"Madam, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kisiwani tunachota maji ya ziwa, tunayatia shabu kwenye ndoo. Uchafu wote unashuka chini. Sasa ile shabu yenyewe inaenda wapi?"

Katika maisha yangu ya ualimu sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu nusu, nikamwambia nusu nyingine nitamwonyesha. Alipotoka kumtembelea mama yake alirudi na kipande cha shabu kimefungwa kwenye pindo la kanga. Tukaitia kwenye ndoo ya maji ya tope, tope likashuka, kila mtu akaona. Lakini kumwonyesha shabu imekwenda wapi nilihitaji karatasi za kuchujia, testi tyubu mbili tatu, na matone machache ya amonia. Vyote vilikuwa kwenye ile orodha ya mlangoni. Nilikwenda kwa mkuu, nikamweleza swali lenyewe, nikitumaini litamgusa kama lilivyonigusa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni binti mwenye akili," akasema. "Mwambie avumilie. Atavikuta huko mbele, Kidato cha Tano."

Nikarudi ubaoni, nikachora.

Kisha wakaja wageni. Sitasema ni wa kutoka wapi. Siku moja kabla, mkuu alitufungulia stoo kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza niliona ndani. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka dari, mengi bado na gundi yake. Tuliambiwa tupambe maabara. Na hapa lazima niseme ukweli wangu, kwa sababu hasira yangu haimpati mkuu peke yake. Mimi ndiye niliyepanga bureti kwenye vishikio vyake. Mimi ndiye niliyejaza bika maji na kuyatia juisi ya unga, nyingine nyekundu, nyingine rangi ya chungwa, ili zipendeze kwenye picha. Nilichagua wanafunzi wenye mashati meupe zaidi nikawasimamisha mezani. Nilikuwa na shahada ya sayansi mkononi na nilikuwa nachanganya juisi.

Mgeni mmoja alisimama mbele ya yule binti. Binti alikuwa ameshika bika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

"Na wewe binti, unafanya jaribio gani?"

"Nimeshika maji, mheshimiwa," akasema.

Wageni walicheka, wakadhani ni haya za msichana wa kijijini. Walipiga picha wakaenda kula. Saa tisa alasiri maboksi yalikuwa yamerudi stoo na kufuli zimefungwa. Binti alipewa adhabu ya kung'oa nyasi nyuma ya vyoo kwa kuiaibisha shule. Nilimwona aking'oa. Nilipita na madaftari yangu sikusema neno.

Mwaka uliofuata alikuwa Kidato cha Nne, na ukafika mtihani wa utamilifu, ule tunaouita moko. Kemia ilikuwa na sehemu ya vitendo. Niliomba stoo ifunguliwe wiki moja kabla, ili wanafunzi walau washike vifaa na mimi nivikague. Nikafunguliwa asubuhi ya mtihani wenyewe, saa moja, mtihani ukianza saa tatu.

Ndani ya saa mbili hizo nilifanya kazi ya wiki. Vile vipira vya kunyonyea pipeti, ambavyo vipo ili mtu asitumie mdomo, nilivikuta vimekauka kwenye boksi lake, ukivibonyeza vinapasuka kama majani makavu ya mgomba. Havikuwahi kutumika hata mara moja. Vilizeekea humo humo kwenye boksi. Sasa ningefanya nini? Niliwaambia wanafunzi watanyonya kwa mdomo, polepole, kama sisi tulivyonyonya zamani. Nikayeyusha kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, nikaiweka kali kwenye chupa kubwa, kisha nikawa naichanganya na maji mengi kidogo kidogo kwenye jagi kwa ajili ya mezani. Chupa kubwa niliibandika karatasi yenye onyo. Meza ilikuwa mbichi, karatasi ikalowa ikabanduka, na sikuiona.

Kundi la kwanza lilifanya likatoka. Kundi la pili liliingizwa mimi nikiwa bado stoo nachanganya jagi jingine. Msimamizi alikuwa mwalimu wa historia, kijana mwema ambaye hakuwahi kuingia maabara tangu amalize shule. Aliona bika la meza ya tatu limepungua, akaona chupa kubwa yenye maji meupe isiyo na karatasi, akajaza. Yule binti alikuwa meza ya tatu.

Alikuwa hajawahi kushika pipeti. Nilikuwa nimemchorea pengine mara thelathini, na katika michoro yote thelathini sikuwahi kumwambia jambo moja ambalo mtu hulijua kwa kushika tu: kwamba usiutoe macho kwenye ncha, kwa sababu ncha ikitoka kwenye maji huku unavuta, yaliyomo yanaruka mdomoni kwa mkupuo. Ncha ilitoka. Alivuta kwa nguvu. Nilisikia bika likivunjika, na nilipotoka stoo nilimkuta ameinama, mate yanamtoka mfululizo, mikono ameikunja kifuani.

Nikakimbilia bomba. Mabomba hayakuwa na maji. Nilikuwa najua hayana maji, na bado nililifungua. Mwalimu wa historia ndiye aliyebeba ndoo kutoka ofisini, tukamsukutua hapo hapo sakafuni, mara nyingi, mpaka ndoo ikaisha tukaletewa nyingine. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba. Nilipanda naye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, mpaka kituo cha afya. Tabibu akaniuliza ameingiza nini mdomoni na ni kali kiasi gani. Nilimtajia kipimo sawasawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekipima. Akanitazama.

"Hii mtoto anaipataje mdomoni?"

Nikamwambia walikuwa kwenye mtihani.

Mungu alisaidia, hakumeza. Ulimi ulikuwa umegeuka mweupe, ngozi ya ndani ya midomo ikatoka vipande, na kwa siku nyingi alikunywa uji uliopoa kwa mrija. Kuongea kwake kukawa kwa shida.

Kesho yake mkuu aliniita ofisini. Stoo ilikwishafungwa. Mezani aliweka karatasi iliyochapwa tayari. Iliandikwa kwamba mwanafunzi alikiuka maelekezo ya mwalimu wake na kwamba shule ilichukua hatua zote zinazostahili. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu.

"Saini hapa, mwalimu. Inakulinda wewe pia."

"Hakukiuka maelekezo, mkuu. Hakupewa."

"Ulimwambia anyonye polepole. Hakunyonya polepole. Hayo si maelekezo?" Kisha akashusha sauti, kwa ule upole wake. "Si unaona sasa? Ndiyo maana nilikuwa navifunga."

Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ya dakika ile ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuja baridi. Mtoto aliungua kwa sababu hakuwahi kugusa, na hapa palikuwa na mtu mzima, msomi, mcha Mungu, anaichukua ajali hiyo kama ushahidi kwamba watoto wasiguse. Nilisukuma karatasi ikamrudia. Nilimwambia sitasaini. Nilimwambia nitaandika taarifa yangu, na ndani yake nitaandika tarehe za barua zote nilizoandika kumwomba ufunguo, na nitaandika pia kwamba mimi ndiye niliyeacha chupa bila kuitazama. Akasema nitajiharibia kazi. Nikamwambia aliyeharibiwa yuko kitandani.

Mama yake binti alifika siku ya tatu, ametoka kisiwani kwa boti ya mizigo, bado ananuka dagaa na moshi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Nilidhani ataanza na mkuu. Alianza na mimi.

"Wewe ndiye mwalimu wa kemia?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mwanangu ananiandikia kwenye karatasi maana hawezi kusema. Ameandika hivi, madam alituambia tunyonye. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini ulimwambia anyonye sumu?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza vipira vilivyokauka, chupa iliyobanduka karatasi, kufuli, barua zangu. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Barua," akasema. "Miaka miwili unaandika barua. Una miguu, una mdomo. Mbona hukuja kutuambia sisi wazazi? Mimi niko kisiwani, lakini hawa wa hapa je? Tungejua vitu vimefungwa, unadhani tungekaa kimya?"

Alikuwa na haki. Haikuwahi kunijia kwamba wazazi ni watu wa kuambiwa. Katika akili yangu wazazi walikuwa wa kuitwa kuchangia madawati na kusomewa matokeo. Hilo nalo nimelikasirikia, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kuwaza hivyo; nilijifunza kwa kuishi ofisini.

Kikao cha wazazi kiliitishwa wiki iliyofuata kwa shinikizo lake. Alizunguka vijijini kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na pale Kihaya kilipohitajika alimchukua mama mwenye nyumba wa lile geto akawa mkalimani wake. Wakaja wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi, akina mama wa jumuiya, wazee waliovaa makoti yao ya kanisani. Mkuu alifungua kikao kwa sala, akasoma taarifa yake. Alipofika kwenye maneno kwamba mwanafunzi alikiuka maelekezo, mama yake binti akasimama.

"Mimi si msomi," akasema. "Nauliza kitu kimoja. Hivyo vitu vililetwa kwa ajili ya nani?"

Mkuu akaanza kueleza habari ya dhamana na mali ya umma. Mzee mmoja, mkulima ambaye wajukuu wake watatu walisoma pale, akainua mkono, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya.

"Waitu, mkuu, tusamehe. Maneno ni mengi. Tunaomba tuvione."

"Vipo, mzee wangu. Viko salama."

"Tunaomba tuione hiyo salama yenyewe."

Kikao kizima kikanyanyuka. Sijui ingekuwaje kama mkuu angekataa, lakini hakukataa. Alitembea mbele, funguo mkononi, na sisi nyuma yake kama waombolezaji. Kufuli ya pili ilikuwa imeshika kutu, ikachukua muda. Wazazi waliingia wachache wachache kwa kuwa stoo ilikuwa ndogo, na waliokuwa nje walipokezana vitu. Boksi la karatasi za kuchujia lilikuwa limefanywa kiota na panya. Kemikali moja iliyokuja unga ilikuwa imegeuka jiwe. Yule mzee alishika chupa, akaisogeza mbali na macho yake asome, akamuuliza mkuu kwa sauti ya kawaida kabisa maandishi haya madogo ni tarehe ya nini. Ilikuwa tarehe ya kuisha muda wake, na ilikwishapita. Mzee akairudisha kwenye rafu taratibu.  Mama mmoja aliketi juu ya boksi akasema kwa Kihaya kwamba yeye alibeba mchanga kichwani kujenga chumba hiki, akiwa na mimba.

Mkuu alisimama pembeni, ameishika kufuli. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, na huruma hiyo haikupunguza hasira hata kidogo.

Tangu siku hiyo maabara ilifunguliwa kila siku ya masomo. Zilibaki wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Tulifanya vitendo asubuhi, mchana, hata Jumamosi. Walivunja vitu, nikawapa ufagio. Binti alirudi midomo ikiwa na mabaka mekundu. Alikuja kwenye kila kipindi, akaandika kila kitu, akasoma vipimo vya wenzake kwa jicho kali kuliko langu. Pipeti hakuishika. Nililetewa kipira kipya kutoka mjini, nikakiweka mbele yake, nikamwambia hiki hakigusi mdomo. Akakitazama, akampa mwenzake. Siku ya mtihani wa mwisho alilazimika kuishika, akawa anajaza na kumwaga, anajaza na kumwaga, mpaka muda ukaisha amemaliza robo tu ya kazi.

Barua yangu ya uhamisho ilikuja kabla ya matokeo. Sababu iliyoandikwa ni mahitaji ya kikazi. Nilipelekwa Bukoba vijijini, upande wa Kaagya, shule ndogo iliyozungukwa na kahawa, ambako mkuu wangu wa sasa ni mwanamke anayeingia maabara bila kubisha hodi kuangalia tunafanya nini. Sina malalamiko nako. Wenzangu waliniambia nimshukuru Mungu nimesogezwa karibu na nyumbani. Sikutaka kusogezwa. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu niliowaacha walikaa bila mwalimu wa kemia kwa muhula mzima.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amefaulu vizuri masomo karibu yote. Kemia alipata alama ya kupita tu. Alinipigia simu kwa namba ya mama yake, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara nasubiri kipindi.

"Shikamoo, madam. Nimechaguliwa Kidato cha Tano."

"Marahaba. Hongera sana. Mchepuo gani?"

"Historia, jiografia na Kiswahili."

 Kisha nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Nilimgombeza. Nilimwambia anaweza kuomba kubadilishiwa, kwamba alama siyo kila kitu, kwamba nitamwandikia barua, kwamba mtu mwenye kichwa kama chake hana haki ya kukitupa. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka wanafunzi waliokuwa wakipita wakageuka. Aliniacha nimalize.

"Madam," akasema, "sikuchaguliwa tu. Niliujaza mwenyewe kwenye fomu."

"Kwa nini?"

"Sitaki tena."

Hakuwa analia wala hakuwa na uchungu katika sauti. Alikuwa ameamua kama watu wanavyoamua wasipite tena njia fulani. Akaniambia nisalimie nyumbani, akasema mama yake ananisalimu, akakata. Nilikaa pale na simu mkononi. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa dakika moja hivi, kisha nikaona aibu, kisha hasira ikarudi mahali pake, kwa mkuu, kwa mwalimu wa taaluma, kwa wale wageni na picha zao, kwangu mimi. Kengele ilikuwa imelia zamani. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa wamekwisha kuwasha taa za spiriti bila kunisubiri, na mmoja wao alikuwa akiwapigia wenzake kelele wasogeze nywele.